Simama Utembee: Nilivyotafuta Nukuu ya Kufungulia Ukurasa wa Anime

Mtu ambaye hajawahi kuhariri wiki ya mashabiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika na kuirekebisha, anaweza kudhani kazi nzito ni kuandika muhtasari wa episodi moja moja, au kupanga majina ya waigizaji wa sauti kwenye jedwali. Hizo zinachosha tu, hazigombanishi watu. Kinachogombanisha ni ile mistari miwili mitatu ya juu kabisa, ndani ya kijisanduku, yenye alama kubwa za kunukuu na jina la mhusika chini yake. Wikipedia haina mtindo huo. Makala zake huanza na maelezo makavu, kitu fulani ni nini na kilitoka lini. TV Tropes, tovuti ya mashabiki inayoorodhesha mbinu zinazojirudia kwenye hadithi, ndiyo huweka nukuu juu ya kurasa zake, na wiki nyingi za mashabiki zimeiga au zimebuni zenyewe desturi hiyohiyo. Msomaji akifungua ukurasa, kabla hajajua studio wala mwaka, anakutana na sauti ya mtu.

Kwenye ukurasa wa mhusika mmoja kazi ni nyepesi. Unatafuta pale aliposema jambo ambalo mwingine asingelisema, basi. Ukurasa wa mfululizo mzima ni habari nyingine, maana unataka maneno ya mtu mmoja yabebe hadithi ya watu hamsini. Mimi niliingia humo kwa hiari yangu, kwenye tovuti moja ya wiki ya Kiingereza ambayo wahariri wake wametapakaa nchi mbalimbali, na nilitoka nikiwa nimekosa usingizi na nimegombana na mtu ambaye sijawahi kumwona uso. Naandika ili atakayefuata apite njia fupi zaidi.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa Fullmetal Alchemist: Brotherhood, anime, yaani katuni ya Kijapani ya kwenye skrini. Kwa asiyeijua: Hiromu Arakawa alianza kuchora manga (hadithi ya picha za kuchora) ya Fullmetal Alchemist mwaka 2001 katika jarida la Monthly Shōnen Gangan, akaimaliza 2010. Studio ya Bones ikaifanya anime mara mbili. Ya kwanza ilirushwa 2003 hadi 2004, episodi 51. Manga ilikuwa bado mbichi wakati huo, kwa hiyo watengenezaji ikawabidi wajitungie njia na mwisho wao wenyewe. Ya pili, hiyo Brotherhood, ni ya 2009 hadi 2010, episodi 64, na yenyewe iliifuata manga mpaka mwisho. Wahusika ni walewale. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, walijaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, elimu ya kugeuza vitu kuwa vitu vingine. Edward akapoteza mguu wa kushoto, kisha akautoa mkono wa kulia ili kuiokoa roho ya mdogo wake. Alphonse alipoteza mwili mzima. Roho yake ikafungwa ndani ya deraya tupu, kubwa kama mlango.

Juu ya ukurasa huo palikuwa na maneno haya, ninayaweka kwa Kiswahili changu: "Binadamu hawezi kupata chochote bila kwanza kutoa kitu. Ili upate, lazima upoteze chenye thamani ileile. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya alkemia, kubadilishana sawa kwa sawa." Msemaji, Alphonse Elric. Chanzo, utangulizi.

Ni maneno matamu na kila shabiki anayajua. Tatizo ni kwamba ni ya anime ile nyingine. Alphonse wa 2003 ndiye anayeyasema mwanzoni mwa episodi nyingi. Brotherhood ina utangulizi wake tofauti, unaosemwa na msimulizi, unaoeleza kwanza alkemia ni elimu ya namna gani halafu ndipo unaingia kwenye kanuni. Kwa kuwa pote pawili panazungumzwa jambo moja, kosa lilikaa pale muda mrefu. Ukitazama historia ya ukurasa unawaona watu wakipita, wakirekebisha nukta na mkato, wakisogeza picha, na kijisanduku kile hakuna aliyekigusa. Nukuu maarufu ina balaa hiyo: kila mtu anahisi ameisikia, hivyo hakuna anayeuliza ameisikia wapi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa imekatwa. Utangulizi wa 2003 una sentensi moja zaidi. Alphonse anamalizia kwa kusema kwamba siku zile waliamini huo ndio ukweli wa dunia. Sasa rudi uisome upya na hiyo sentensi. Bila hiyo una kanuni, kama ya kwenye daftari la fizikia. Ukiiweka una kijana anayekumbuka alivyokuwa akiamini zamani, na papo hapo unajua imani hiyo kuna mahali itavunjika. Hadithi nzima ya 2003 imo kwenye hilo "siku zile". Mfululizo ukifika ukingoni kanuni imeshatikiswa kila upande, na Alphonse mwenyewe anairudia kwa namna nyingine kabisa. Halafu kumbuka anayesema ni nani: kwa Kijapani ni Rie Kugimiya, sauti ya mtoto inayotoka kwenye chuma kitupu. Lakini ukitafuta nukuu hiyo kwenye mtandao, mara nyingi utaikuta imekatwa kabla ya hapo, kwa sababu kanuni ndiyo inayopendeza kwenye bango la ukutani.

Kwa hiyo nikajua tangu mwanzo kwamba kazi ni mbili: kuirudisha nukuu ya Alphonse kwa ukamilifu wake kwenye ukurasa wa 2003, na kuitafutia Brotherhood ya kwake. Ya kwanza ilimalizika jioni moja. Ya pili ndiyo iliyonila.

Jambo la kwanza ninalomshauri mtu ni asianzie kwenye zile orodha za "nukuu bora za anime". Nilizipitia, sikatai, na kinachopatikana humo ni maneno yaliyochaguliwa kwa utamu wake yakiwa peke yake. Episodi haitajwi, na mara nyingine hata ni anime ipi kati ya mbili haisemwi. Kuna sentensi nilizozikuta zimebandikwa jina la Edward ambazo nilipotazama zilisemwa na mtu mwingine, akimwambia Edward. Ukizichukua hivyo unapanda mbegu ya kosa jingine litakalokaa miaka. Hakuna njia ya mkato: itabidi utazame. Episodi 64 za dakika kama 24 kila moja ni zaidi ya saa 25, na kwa bei ya bando ya huku kwetu hizo ni saa zenye gharama. Mimi nilitegemea kifurushi cha usiku, ndiyo maana nasema nilikosa usingizi. Kama mna kikundi, gawaneni episodi. Mmoja achukue za mwanzo, mwingine za kati.

Wakati wa kutazama, kuwa na daftari kando. Andika maneno, nani amesema, anamwambia nani, episodi ya ngapi, dakika ya ngapi. Hilo la "anamwambia nani" wengi huliruka, na ndilo lililokuja kuamua mambo kwangu. La dakika litakusaidia siku ya ubishi: mtu akisema "sidhani kama alisema hivyo," humjibu kwa maneno, unampa dakika na sekunde. Na amueni mapema kama mnafuata maandishi ya chini ya skrini au sauti ya Kiingereza, kwa sababu matoleo hayo mawili hayaendi neno kwa neno, na nukuu iliyochanganya nusu huku nusu kule haitapatikana popote na atakayekuja kuihakiki.

Nilipomaliza nilikuwa na kurasa zilizojaa. Nikaanza kuchuja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba maneno tunayoyapenda sisi tuliotazama mara nyingi ndiyo yasiyofaa.

Mfano mkubwa ni Roy Mustang, kanali wa jeshi, kwenye episodi ya 10. Rafiki yake amezikwa, watu wametawanyika, kanali amesimama mbele ya kaburi na kofia yake. Anasema siku ni mbaya, mvua inanyesha. Luteni Hawkeye anatazama juu, anamwambia mvua hainyeshi. Naye anajibu kwamba inanyesha, na chozi linashuka. Ukimtajia shabiki yeyote maneno hayo, mpe muda ajikaze. Nusu ya waliochangia kwenye ukurasa wa majadiliano walitaka hayo. Lakini mpe asiyejua: "Ni siku mbaya kwa mvua." Anasoma utabiri wa hali ya hewa. Ukitaka aelewe lazima umweleze ni makaburini, na ukishaandika kwenye mstari wa chanzo "Mustang kaburini kwa" na jina la marehemu, umeshamharibia utamu wa episodi kumi za mwanzo. Hili liangalieni sana. Watu huchunguza nukuu isifichue siri, wakasahau kwamba ule mstari mdogo wa chini, jina la msemaji na mahali, unaweza kufichua zaidi ya nukuu yenyewe.

Wapo waliotaka maneno ya yule kiumbe cheupe kwenye Lango, mahali Edward alipofika siku ile ya kumfufua mama yao, anayejiita Dunia, Ulimwengu, Mungu, Ukweli, Yote na Mmoja, kisha anamwambia Edward kwamba yeye pia ni wewe. Yanatisha vizuri, ila yanaahidi hadithi ya mafumbo ya kidini tu, na Brotherhood ina vicheko vingi, chakula kingi na ngumi nyingi. Kuna aliyependekeza Edward akimposa Winry, rafiki yake wa utotoni, kwenye episodi ya mwisho, ile ya nikupe nusu ya maisha yangu nawe unipe nusu ya yako. Huyo tulimcheka, naye alicheka. Kuna "Moja ni Yote, Yote ni Moja", ambalo ni jina la episodi ya 12 na funzo ambalo mwalimu wao Izumi aliwaachia kisiwani. Hilo nililipenda kwa ufupi wake, nikaliacha kwa sababu bila kile kisiwa, bila wale watoto wenye njaa na sungura, linabaki kitendawili kisicho na mteguaji.

Likabaki chaguo lililoonekana la haki kuliko yote: utangulizi wa msimulizi wa Brotherhood wenyewe. Alkemia ni elimu ya kuelewa maada, kuivunja na kuijenga upya. Haiwezi kuumba kitu kutoka pasipo kitu. Anayetaka kupata atoe chenye thamani sawa. Na kwa sababu hiyo ni mwiko kumuumba binadamu, maana ni kitu gani kitalingana na thamani ya roho? Ni sahihi, ni ya mfululizo huu, haifichui chochote. Wengi waliridhika. Mimi sikuridhika na ilinichukua muda kujua kwa nini.

Nilijua siku nilipoibandika kwenye ukurasa wa majaribio nikausoma wote kwa simu. Nukuu ilijaza skrini nzima. Nikashusha. Aya ya kwanza ya makala ikasema: katika ulimwengu ambao alkemia hufuata kanuni ya kubadilishana sawa kwa sawa, ndugu wawili wanavunja mwiko wa kumuumba binadamu. Yaani msomaji anaambiwa jambo moja mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti nzito na mara ya pili kwa sauti ya kawaida. Nukuu inayosema kile ambacho makala itakisema hata hivyo inakula nafasi tu. Kuanzia hapo nikawa na kipimo: nukuu ifanye kazi ambayo mhariri wa wiki, kwa kalamu yake isiyo na upande, haruhusiwi kuifanya. Mhariri haruhusiwi kusihi, kukasirika, wala kumsukuma mtu. Mhusika anaruhusiwa.

Na hakikisha unaitazama kwenye simu kabla ya kuhifadhi. Wengi wetu wahariri hukaa kwenye kompyuta, kijisanduku kinaonekana kidogo na kizuri. Msomaji wako yuko kwenye daladala na skrini yenye ufa.

Nikarudi kwenye daftari nikitafuta maneno ambayo mtu anamwambia mtu, siyo ambayo msimulizi anaiambia hewa. Yakajitokeza ya episodi ya 3.

Mji ni Liore, jangwani. Kuna mhubiri, Baba Cornello, anayewaahidi watu miujiza kwa jina la mungu wa jua. Binti mmoja, Rose, amefiwa na mpenzi wake, na ameambiwa akiomba kwa imani atafufuliwa. Edward anamfichua mhubiri kwamba ni tapeli. Ni ushindi, lakini Rose amebaki hana kitu. Ameketi chini anamlilia Edward: sasa nitaishi kwa kushikilia nini? Edward hambembelezi. Anamwambia hilo ajue mwenyewe. Kisha: "Simama utembee. Songa mbele. Si una miguu mizima?" Anapita, anaondoka zake.

Mara ya kwanza nilipoitazama zamani niliona kijana mkali. Safari hii niliona anayeyasema ana mguu wa chuma. Yeye ndiye aliyejaribu kumfufua maiti, na anajua kwa mwili wake mwenyewe kilichompata. Hasemi hayo yote. Anaitaja miguu ya Rose tu, na wewe uliyetazama episodi iliyotangulia unajua bei aliyolipa kuweza kusema hivyo. Asiyejua chochote anasoma maneno ya kumtia mtu moyo, tena kwa ukali kidogo. Anayejua anasoma historia ya maisha. Na ukishamaliza episodi ya 64, sitasema kwa nini, neno "miguu" linarudi na uzito mwingine.

Nikataka kulipima kwa mtu asiye na habari. Mdogo wangu ana kibanda cha miamala, anaimba kwaya, na anime kwake ni "vile vikatuni vyako". Nikampelekea karatasi yenye nukuu nne bila majina, nikamwomba aniambie kila moja inatoka kwenye hadithi ya namna gani. Ya mvua akasema ni ya wakulima. Ya msimulizi aliisoma nusu akahudumia mteja, hakuirudia. Ya Moja ni Yote akaniangalia tu. Alipofika ya mwisho akainua kichwa.

"Kaka, hii si ya Petro?"

"Petro gani?"

"Yule kwenye mlango wa hekalu. Simama uende. Matendo."

Akaenda nayo mbali kuliko nilivyotarajia. Kwenye Matendo ya Mitume, sura ya tatu, Petro anamwambia kiwete kwamba fedha na dhahabu hana, lakini alicho nacho anampa: kwa jina la Yesu wa Nazareti, simama uende. Mimi nimeikariri tangu Shule ya Jumapili na sikuwa nimeiona. Nikamweleza kisa cha Liore, mhubiri wa uongo, binti aliyeahidiwa ufufuo, na kijana asiyeamini mungu yeyote anayekuja kumwambia simama utembee. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Kwa hiyo huyu anamponya bila muujiza." Nilitamani kuyaweka maneno yake hayo kwenye kijisanduku.

Jaribio hilo lifanyeni, nawasihi. Msilifanye kwa shabiki mwenzenu, na msimweleze kitu kabla. Mpe maneno matupu na usikilize anauliza nini. Akiuliza "maana yake nini?" nukuu imefeli. Akiuliza "nani kasema?" au "kwa nini alimwambia hivyo?" basi atashusha ukurasa kutafuta jibu, na hiyo ndiyo kazi mliyoitaka.

Sasa ubishi. Nilibadilisha nukuu, nikaandika sababu fupi. Asubuhi nikaikuta imetenguliwa, ile ya Alphonse imerudi. Nikaeleza kwamba ni ya 2003. Ikatenguliwa tena, safari hii na maelezo kwamba mimi ni mgeni ninayeharibu ukurasa ambao watu wameuzoea, na swali la kama nimewahi kuutazama mfululizo wenyewe. Hilo la mwisho liliniuma nikiwa nimetoka kwenye saa 25 za macho mekundu. Nilikuwa na jibu kali limeshaandikwa, kidole kiko juu ya kitufe. Msimamizi aliwahi, akaufunga ukurasa kwa siku chache, akatuelekeza sote kwenye majadiliano.

Ukweli ni kwamba kufungiwa kulisaidia. Nilikuwa nimeleta hoja zangu kwenye ule mstari mwembamba wa maelezo ya mabadiliko, ambako haitoshi hata sentensi moja kamili. Kwenye majadiliano niliweka wagombea wote, kila mmoja na episodi yake na dakika yake, faida na hasara, hata wa mwenzangu nikamwekea faida zake. Nikaweka viungo vya utangulizi wa anime zote mbili, mtu asikilize mwenyewe. Mwenzangu alisikiliza, akakubali kuhusu chanzo siku hiyohiyo. Kuhusu nukuu mpya hakukubali: alisema maneno ya Edward kwa Rose hayana alkemia hata chembe, na mtu atadhani ni anime ya mchezo wa mpira. Hoja yake ilikuwa na nguvu na mpaka leo naiheshimu. Nilimjibu kwamba picha ya deraya na mkono wa chuma iko sentimita mbili kando ya nukuu, na jina la mfululizo lina alkemia ndani yake. Si lazima nukuu ibebe kila kitu. Watu wakapiga kura. Haikuwa kura ya kishindo.

Ikapitishwa kwa sharti alilolileta yeye mwenyewe, na lilikuwa bora kuliko langu: mstari wa chini uandikwe "Edward Elric, kwa Rose", siyo "Edward Elric" peke yake. Kwa maneno hayo mawili msomaji anajua kuna mtu ameketi chini anayeambiwa. Utangulizi wa msimulizi tukaupeleka kwenye ukurasa wa alkemia, ambako haurudii kitu, maana pale ndipo nyumbani kwake. Wa Mustang ukaenda kwenye ukurasa wa Mustang, chini kabisa, sehemu yenye onyo. Karibu kila nukuu tuliyoigombania ilipata mahali. Ugomvi wetu mwingi ulikuwa wa kugombania kiti kimoja huku viti vingine vikiwa vitupu.

Kuhusu haki miliki niseme kwa kifupi. Maandishi tunayoandika sisi kwenye wiki za namna hii kwa kawaida hutolewa kwa leseni huria, lakini maneno ya wahusika siyo yetu, yana wenyewe. Mistari miwili yenye jina na chanzo ni kunukuu. Ukianza kubandika mazungumzo ya episodi nzima, hiyo ni habari nyingine, na wasimamizi wakiifuta msiwalaumu.

Yule mwenzangu na mimi sasa tunafanya ukurasa wa Cowboy Bebop pamoja. Ni ya 1998, episodi 26, na mwisho wa episodi ya mwisho yanatokea maandishi kwenye skrini yakikuambia kwamba utaubeba mzigo huo. Kama nukuu ya kufungulia sijaona inayoyakaribia: hayafichui lolote, na aliyemaliza anajua ni mzigo gani. Ila hakuna anayeyasema. Ni maandishi tu, na kigezo chetu, ile fomu inayotengeneza kijisanduku, kinadai jina la msemaji, ukiliacha wazi kinatoa alama nyekundu. Yeye anataka tuandike "Maandishi ya mwisho, episodi ya 26". Mimi naona neno "mwisho" pale litawafanya watu waruke kwenda kutazama. Nimependekeza tumwombe msimamizi arekebishe kigezo kikubali nafasi tupu, na bado hajajibu.